Kujiandaa kwa Mahojiano ya Kazi Nairobi: Peke Yako, na Wenzako au kwa Mshauri wa Kulipwa?

Wito wa mahojiano ya kazi huja kwa ghafla. Simu inalia adhuhuri, au jina lako linaonekana kwenye orodha ya walioteuliwa katika tovuti ya tume fulani, na siku iliyowekwa haiko mbali. Hapo ndipo wengi hukwama kuhusu namna ya kuutumia muda huo mchache, kwa kuwa jijini Nairobi kuna njia tatu zinazotumiwa sana: kujiandaa peke yako, kufanya mazoezi na marafiki au jamaa, na kumlipa mshauri anayefundisha watu kujieleza mbele ya waajiri. Kila njia ina wanaoisifu na wanaoilaumu. Nionavyo, chanzo cha tofauti hiyo ni kile kilichompungukia kila mmoja alipoichagua, wala si ubora wa njia zenyewe.

Vigezo vya kulinganisha

Kabla ya kuzipima njia hizi, mtu ajipime mwenyewe. Yuko anayepungukiwa na maarifa: hajui mwajiri anafanya nini, hajayasoma majukumu yaliyoorodheshwa kwenye tangazo, na amesahau hata alichokiandika kwenye wasifukazi wake. Yuko mwingine anayeyajua hayo yote, lakini akiketi mbele ya watu watano ulimi unakuwa mzito na maneno yanamtoka vipande vipande. Yuko wa tatu anayejua kazi na kujieleza vizuri, ila haelewi jopo la aina hiyo hutafuta nini, kwa hiyo anajibu kwa ufasaha maswali ambayo hakuulizwa.

Njia rahisi ya kujitambua ni kuchukua simu na kujirekodi kwa dakika mbili ukijibu swali linalofungua mahojiano mengi: "Tueleze kukuhusu." Kisha sikiliza bila kujihurumia. Ukikosa la kusema kabla dakika ya kwanza haijaisha, pungufu lako ni la maarifa. Ukiwa na mengi ya kusema lakini ukasita na kurudia, pungufu ni la ulimi. Maneno yakitoka vizuri na bado huna hakika kama ndiyo wanayoyataka, unahitaji mtu anayemfahamu mwajiri wa aina hiyo.

Baada ya hapo vigezo vinne vinatosha. Cha kwanza ni gharama, na ndani yake uhesabu nauli na bando la intaneti. Cha pili ni muda. Cha tatu ni ukweli wa maoni utakayopata, yaani kama kuna atakayekuambia ulipoharibu. Cha nne ni aina ya mahojiano yenyewe, na hiki kinahitaji maelezo zaidi.

Mahojiano ya utumishi wa umma hufanywa na jopo, na wanajopo huandika alama kwa kila jibu. Pamoja na maswali ya taaluma, mara nyingi huulizwa kuhusu Katiba ya mwaka 2010: maadili ya kitaifa yaliyo katika Kifungu cha 10, maadili na kanuni za utumishi wa umma katika Kifungu cha 232, na Sura ya Sita kuhusu uongozi na uadilifu. Anayeomba kazi katika wizara huenda pia akaulizwa nafasi ya wizara hiyo katika Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008. Kampuni binafsi, ziwe Westlands, Upper Hill au Industrial Area, huelekea zaidi kuuliza ulichofanya hasa mahali fulani na matokeo yake yalikuwa yapi. Mahojiano ya video yana masharti yake ya ziada kuhusu sauti, mwanga na mtandao.

Kujiandaa peke yako

*Gharama.* Hii ndiyo njia nafuu kuliko zote. Katiba na sheria zinapatikana mtandaoni bila malipo, na tovuti ya mwajiri hueleza majukumu yake na mara nyingi mpango wake wa miaka ijayo. Anayekosa utulivu nyumbani anaweza kwenda Maktaba Kuu ya Taifa iliyo Upper Hill, au kwenye maktaba za kaunti zilizoko Kaloleni na Makadara.

*Muda.* Unajipangia mwenyewe, usiku au alfajiri, na hilo linamfaa aliye na kibarua cha mchana asichoweza kukiacha. Hatari yake ni kwamba mtu aliye peke yake husoma kile anachokipenda na kukiahirisha kile anachokiogopa. Nashauri uanze na tangazo la kazi: liandike upya kwenye daftari, jukumu moja kila ukurasa, na chini ya kila jukumu uandike jambo moja ulilolifanya linaloonyesha kwamba unaliweza, kwa mpangilio huu: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, na matokeo yalikuwa nini. Ukurasa utakaobaki mtupu ndio utakaoulizwa, na ni afadhali uugundue ukiwa nyumbani.

*Maoni.* Hapa ndipo njia hii inapopungua. Daftari halitakuambia kwamba unaongea kwa kasi au kwamba jibu lako halikufika mwisho. Kinasa sauti cha simu husaidia kwa kiasi, na programu za akili bandia husaidia kwa kiasi kingine: ukizipa maneno ya tangazo zitakutungia maswali mengi yanayokaribiana na yatakayoulizwa. Nazipendekeza kwa maswali, na nawasihi watu wasizitegemee kwa majibu. Jibu lililotungwa na mashine huwa laini na tupu, nalo huporomoka mara tu mwanajopo anapouliza, "Hebu tufafanulie hapo." Usiipe programu yoyote nambari yako ya kitambulisho wala nakala za vyeti vyako, kwa kuwa haizihitaji ili kukuuliza maswali.

*Inakofaa.* Inafaa sana sehemu ya kusoma ya mahojiano ya umma, ambapo mtu hana budi kuvijua vifungu vya Katiba. Maktabani, hata hivyo, huwezi kupaza sauti, na jibu ambalo halijawahi kutoka kinywani haliko tayari. Njia hii inamfaa mwenye pungufu la maarifa na nidhamu ya kukaa na daftari. Mwenye pungufu la ulimi atasoma hadi usiku wa manane na bado aingie chumbani na tatizo lile lile.

Kufanya mazoezi na wenzako

*Gharama.* Nauli, chai, na fadhila ambayo siku moja utairudisha wewe nawe ukiwa mwanajopo wa mwenzako.

*Muda.* Kuwakusanya watu watatu ndio ugumu wake mkubwa. Mmoja anatoka kazini Mombasa Road saa kumi na mbili jioni, mwingine yuko darasani Jumamosi, na mvua ya Aprili au Novemba ikinyesha hakuna atakayefika kwa wakati. Ikishindikana kukutana, mazoezi ya simu ya video yanatosha, na kwa anayeitiwa mahojiano ya video hayo ndiyo bora, kwa sababu wenzako watasikia honi za matatu dirishani kwako na kuona uso wako ukiwa gizani kwa kuwa taa iko nyuma yako. Waombe wakuambie pia kama macho yako yanaangalia kamera au yanazunguka chumbani.

*Maoni.* Thamani ya njia hii imo katika swali la pili, lile linaloulizwa baada ya jibu. Fikiria chumba kimoja cha kupanga kule Kahawa West, ambamo meza imesogezwa ukutani na watu watatu wameketi upande mmoja wakijifanya jopo. Anayejiandaa, kijana anayeomba kazi ya msaidizi wa mhasibu, anabisha hodi, anaingia, anasema, "Habari za jioni, Bwana Mwenyekiti," na kungoja aonyeshwe kiti. Anaulizwa atoe mfano wa tatizo alilolitatua kazini. Anajibu kwamba alikuwa akisaidia katika mambo ya fedha dukani, na kwamba walishirikiana vizuri kukabiliana na changamoto. Binamu yake, ambaye hajasomea uhasibu hata kidogo, anamkatiza: "Lakini ndugu yangu, wewe mwenyewe ulifanya nini?"

Hapo ndipo hadithi halisi inapotoka. Kila jioni kabla ya kufunga duka alikuwa akilinganisha taarifa ya Lipa Na M-Pesa na daftari la mauzo. Akagundua kwamba baadhi ya malipo yalikuwa yamerudishwa kwa wateja baada ya bidhaa kutoka, ilhali daftari bado linayahesabu kuwa mauzo. Akamweleza mwenye duka, na tangu siku hiyo miamala iliyorudishwa ikawa inakaguliwa kwanza kabla ya hesabu kufungwa. Jibu la kwanza lingeweza kutolewa na mtu yeyote mjini. Hili la pili ni lake peke yake, nalo lilikuwa ndani yake muda wote. Lilihitaji tu mtu wa kuuliza bila haya.

Kasoro ya wenzetu ni huruma. Rafiki atasema, "Uko sawa, utaipata," kwa kuwa anakupenda, na jamaa mkubwa kwa umri anaweza kuugeuza mkutano wote kuwa mawaidha. Dawa yake ni kuwapa kazi maalumu: mmoja ahesabu dakika za kila jibu, mwingine aandike maneno unayoyarudiarudia, wa tatu asikubali jibu lolote lisilo na mfano. Mwambie kila mmoja akutajie jambo moja la kurekebisha kabla hajakusifu. Ukiweza, mmoja wao awe mtu asiyekufahamu sana, kwa mfano jirani au mshirika wa kanisani au msikitini aliye na uzoefu wa ofisini, maana mbele ya mtu usiyemzoea utaona aibu kidogo, nayo aibu hiyo ndiyo unayoifanyia mazoezi.

Kuna jambo lingine ambalo kikundi hulifanya vizuri kuliko njia nyingine zote. Mahojiano mengi jijini huendeshwa kwa Kiingereza, ilhali wengi wetu kumbukumbu za kazi zetu tunaziishi kwa Kiswahili, kwa Sheng au kwa lugha ya nyumbani. Anayeanza moja kwa moja kwa Kiingereza hushika maneno makubwa aliyoyasikia kwenye matangazo na kuyaacha mambo madogo yaliyo ya kweli. Nimeona ikisaidia sana mtu akiwasimulia wenzake tukio zima kwanza kwa lugha anayoiwaza, hadi kila kitu kitoke, kisha alisimulie tena kwa lugha ya mahojiano. Mara ya pili husema kifupi na husema kweli.

*Inakofaa.* Inafaa mahojiano ya ana kwa ana ya kampuni binafsi, mahojiano ya video, na mazoezi ya kutazamwa na jopo zima. Haitoshi pale ambapo hakuna hata mmoja kati yenu anayeifahamu sekta husika, kwa sababu kikundi kizima kinaweza kukosea kwa pamoja na kwa kujiamini.

Kumlipa mshauri

*Gharama.* Ndiyo njia ya bei ya juu, na ada hutofautiana kwa uzoefu wa mshauri na ngazi ya kazi unayoiomba. Uliza mapema kama unalipia kikao kimoja au mfululizo, na kama kurekebishiwa wasifukazi kumehesabiwa humo. Kabla ya kulipa, wasiliana na chuo ulichosoma, kwani baadhi ya vyuo vikuu vina ofisi za kuwaongoza wanafunzi na wahitimu kuhusu kazi, na huenda ukapata bure kile ulichotaka kununua.

*Muda.* Mshauri mzuri huokoa muda. Kwa saa moja anaweza kukuambia kwamba majibu yako matatu kati ya matano yanafanana, jambo ambalo ungelihitaji wiki nzima kuling'amua.

*Maoni.* Hana sababu ya kukubembeleza, na akiwa amewahi kuketi kwenye majopo anajua alama hupotelea wapi. Hapo ndipo pesa zako zinapofanya kazi, kwa hiyo muulize waziwazi: amewahi kuajiri watu katika sekta hii? Akisema ni mtaalamu wa rasilimaliwatu, uliza kama amesajiliwa na taasisi ya wataalamu hao, IHRM, kwani taaluma hiyo inasimamiwa na sheria ya mwaka 2012. Kasoro inayotokea ni ya washauri wanaomfundisha kila mteja majibu yale yale. Mwanajopo aliyesikia tangu asubuhi watu wanne wakisema udhaifu wao ni kupenda mno ukamilifu hamsikilizi wa tano.

Lazima niseme hapa jambo linaloniuma. Wapo wanaojiita washauri na kuahidi kukuuzia maswali ya jopo, au kukutajia "mtu ndani" atakayepitisha jina lako kwa kitu kidogo. Huo ni ulaghai, na iwapo kweli kuna afisa anayepokea, basi ni hongo, ambayo Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshtaki anayetoa sawa na anayepokea. Tume ya Utumishi wa Umma haitozi ada yoyote ya kuajiri. Anayekuomba pesa za fomu, za sare au za kupimwa afya kabla hata hujahojiwa anastahili kukatiwa simu, hata akiwa na barua yenye nembo.

*Inakofaa.* Inamfaa anayehamia ngazi ya usimamizi, anayebadilisha sekta, au aliyehojiwa mara kadhaa bila mafanikio na hajui sababu. Kwa anayetafuta kazi yake ya kwanza naona ni mapema kulipia. Afadhali pesa hizo zilipe nauli na shati safi kutoka masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi.

Yanayokuhusu kwa njia yoyote utakayoichagua

Vyeti ni jukumu lako mwenyewe. Andaa kitambulisho na vyeti halisi vya masomo, pamoja na nakala, katika mpangilio unaokuwezesha kukitoa kinachoitishwa bila kupekua. Kuhusu vyeti vya uidhinishaji, kama kile cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, kile cha ushuru kutoka KRA na kile cha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamzuia mwajiri kuvidai kabla hajakusudia kuandikiana mkataba nawe. Hata hivyo, soma barua yako ya mwaliko kwa makini na ufuate orodha iliyomo.

Swali la mshahara nalo huwaangusha watu waliojiandaa vizuri kwa mengine yote. Katika utumishi wa umma viwango huwekwa kwa ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, hivyo hakuna nafasi kubwa ya kupatana. Katika kampuni binafsi, taja kiwango cha kabla ya makato na ujue kitakachobaki mkononi: hazina ya afya ya jamii hukata asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, kisha kuna NSSF, yaani hazina ya akiba ya uzeeni, na kodi ya mapato. Fanya hesabu hiyo kwenye karatasi usiku wa kuamkia mahojiano, si ukiwa umekodolewa macho.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa umetoka chuoni na hili ni jopo lako la kwanza, anza na daftari peke yako kwa siku kadhaa, kisha uwaite wenzako kwa vikao viwili. Daftari bila wenzako litakuacha na maarifa yasiyotamkika, na wenzako bila daftari watakuzoesha kusema vizuri mambo yasiyo na uzito.

Ikiwa umeitwa na tume au wizara, mizani ielemee upande wa kusoma, lakini usiingie bila kuwa umeyataja maadili ya Kifungu cha 232 kwa sauti na kutoa mfano wa angalau mawili jinsi ulivyoyatekeleza kazini au mtaani kwako. Kuyakariri tu hakutoshi, kwa sababu wanajopo huuliza yanamaanisha nini kwa afisa anayehudumia watu dirishani.

Ikiwa uko kazini na unaomba cheo cha juu kwingineko, huenda huwezi kufanya mazoezi na wenzako wa ofisini bila habari kuvuja. Mshauri anayetunza siri ana thamani kwako kuliko kwa mtu mwingine yeyote, na kikao kimoja au viwili vinaweza kutosha.

Ikiwa umehojiwa tena na tena na hujapata, usiongeze saa za kusoma kabla hujajua unakwamia wapi. Fanya mazoezi mbele ya mtu mmoja mkali, mwenye uzoefu wa kuajiri, awe wa kulipwa au mjomba aliyestaafu utumishi, na umwombe akuhoji kwa kutumia tangazo la kazi ile ile uliyoikosa mara ya mwisho.

Na ikiwa mahojiano ni kesho asubuhi, njia zote tatu hazina nafasi ya kukamilika. Chagua matukio matatu kutoka maisha yako ya kazi, uyasimulie kwa sauti kwa yeyote aliye nyumbani, dakika mbili kila moja. Kisha panga vyeti, chaji simu, na uamue utapanda matatu gani. Kama unatoka Thika Road au Jogoo Road kuelekea Upper Hill, ondoka kabla ya saa kumi na mbili, hata kama mahojiano ni ya saa tatu.